Vitabu vya Eneo Viko Majumbani: Kujenga Maktaba Ndogo kwa Michango

Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilichapisha riwaya yenye kurasa zaidi ya 600, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896, na riwaya hiyo aliimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa chake cha Ukerewe. Akaambiwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache mno, haiwezi kuchapishwa. Mzee hakuitupa. Aliifasiri yote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Kwa juu, ni hadithi ya mke na mume wanaotafuta mtoto. Kwa ndani ni hazina ya maisha ya Wakerewe: kilimo na uvuvi wao, dawa zao, posa, vilio vya msiba, adabu ya kumpokea mgeni. Sasa achukuliwe mwanafunzi wa Nansio, kisiwani humo humo, anayetaka kuisoma. Aende wapi? Na kijana wa Lushoto anayeitafuta Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1962? Na yule wa Kisauni, Mombasa, anayetaka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kinachosimulia watumwa walioachwa huru wakapewa makazi Freretown, yaani papo hapo anapoishi?

Vitabu hivyo vipo kwenye maktaba za vyuo vikuu. Mtafiti aliyetoka mbali mwenye barua ya utambulisho atavipata. Mtu ambaye kitabu kinamtaja babu yake ndiye mwenye safari ndefu. Mhadhara huu unatetea jambo moja: kila wilaya inaweza kuwa na maktaba ndogo ya vitabu vya eneo lake, na vitabu vya kuijenga vimo, kwa sehemu kubwa, katika nyumba za watu wa eneo hilo hilo. Vinahitaji kuombwa, na kuombwa kwa majina.

Neno "mchango wa vitabu" likitajwa Afrika Mashariki, wengi huwaza kontena bandarini. Kuna sababu. Shirika la Uingereza liitwalo leo Book Aid International lilianza mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly Library Service, na Books For Africa la Minnesota, Marekani, lilianza mwaka 1988. Mamilioni ya vitabu yamevuka bahari kwa juhudi zao, na kuna madaktari, mafundi na walimu waliosomea vitabu hivyo. Shukrani wanastahili. Lakini mtu hutoa alichonacho. Nyumba za Minnesota hazina tenzi za Pemba, wala ghala la London halina kijitabu cha historia ya Wazaramo. Kontena linaweza kujaza rafu zote za chumba, na eneo lenyewe likabaki bila hata kitabu kimoja kinacholihusu.

Yohannes Gebregeorgis wa Ethiopia aliuona upungufu huo akiwa mkutubi wa watoto katika maktaba ya umma ya San Francisco. Alitafuta vitabu vya watoto kwa lugha za nchi yake, hakuona. Akaandika mwenyewe kimoja, Silly Mammo, kwa Kiamhari na Kiingereza, kisha akarudi Addis Ababa na kufungua maktaba ya watoto mwaka 2003. Alipokea shehena za vitabu kutoka Marekani, na wakati huohuo shirika lake, Ethiopia Reads, likachapisha vitabu vya lugha za nyumbani. Yote mawili yalikwenda pamoja, na ndivyo inavyopasa.

Kisa cha pili ni cha Luis Soriano, mwalimu wa shule ya msingi huko La Gloria, kaskazini mwa Colombia. Alipakia vitabu juu ya punda wawili, Alfa na Beto, akavipeleka vijijini. Alikuwa na vitabu kama 70 tu. Siku moja alimsikia redioni mwandishi Juan Gossaín, mzaliwa wa pwani hiyo hiyo ya Karibi, akisoma sehemu ya riwaya yake. Soriano akamwandikia akiomba nakala ya riwaya hiyo kwa ajili ya wasomaji wake wa vijijini. Gossaín aliwasimulia wasikilizaji habari za mwalimu huyo na punda wake, na vitabu vikaanza kumiminika kutoka kila upande. Baada ya miaka kadhaa vilikuwa maelfu. Soriano aliomba kitabu kimoja, cha mwandishi wa kwao, kwa jina lake. Ombi la namna hiyo humwonyesha mtoaji kwamba mwombaji anajua anachokitaka, na mtu huona fahari kukitimiza. Tangazo la "tunaomba vitabu vyovyote" huleta vitabu vyovyote: miongozo ya mitihani ya mitaala iliyofutwa, ensaiklopidia zilizopungua juzuu, kompyuta za miaka ya tisini zikielezwa kwa kurasa mia nne.

Mfano ulio karibu zaidi, na uliochunguzwa vizuri, ni wa Kitengesa, kijiji kilicho karibu na mji wa Masaka nchini Uganda. Mwaka 1999 maktaba yao ilikuwa sanduku. Kate Parry, profesa wa Hunter College mjini New York aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alishirikiana na mkuu wa shule ya sekondari ya hapo, wakaanza kuazimisha wanafunzi vitabu kutoka sanduku hilo. Jengo lilipatikana mwaka 2002, kwa msaada wa mfuko ambao wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa huuchangia asilimia moja ya mishahara yao. Lilikuwa jengo dogo, na kwa ukubwa lisingemshangaza yeyote.

Mpangilio wake ndio wa kutazamwa. Maktaba inahudumia shule lakini mwanakijiji ana haki ya kujiunga. Wanafunzi kadhaa hupewa kazi ya kuihudumia na kwa kazi hiyo hulipiwa karo, hivyo mkutubi ni kijana anayejulikana kwa jina lake na la mama yake. Vitabu vya Kiganda vimewekwa kwa ajili ya watu wazima wasiosoma Kiingereza. Bila vitabu hivyo, jengo lingekuwa chumba cha wanafunzi wa sekondari pekee. Mkulima angepita nje na kusema hapo ni pa watoto. Rafu ya lugha ya nyumbani ndiyo iliyomfungulia mlango. Kutoka mfano huo na mingine kikazaliwa mwaka 2007 chama cha maktaba za jamii za Uganda, ambacho kimeziunganisha nyingi za aina hiyo.

Hata hivyo Waswahili hawahitaji kusafiri hadi Masaka kujifunza kutoa vitabu. Mwambao una desturi yake, nayo ni wakfu. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa na Habib Saleh na kuwa chuo kikubwa cha dini, una miswada ya Kiarabu zaidi ya 100, ambayo imepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Mingine ina maandishi ya kuwekwa wakfu. Kitabu kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi tena zawadi; manufaa yake ni ya wale waliotajwa na mtoaji, kwa mfano wanafunzi wa mahali fulani.

Desturi hii inajibu swali ambalo maktaba ndogo nyingi hulikwepa hadi maji yamezidi unga: vitabu hivi ni vya nani? Mwanzilishi hufariki. Mwalimu huhamishwa. Mwenye nyumba hudai chumba chake. Wajukuu hufika na gari wakisema vitabu vilikuwa vya babu. Pasipo karatasi, wana hoja. Hati fupi ya kukabidhi, yenye sahihi ya mtoaji, ya mpokeaji na ya mashahidi wawili, ikieleza kwamba kitabu sasa ni mali ya jamii ya mahali fulani na maktaba ikifungwa kitakwenda kwa taasisi iliyotajwa, inatosha kuzuia ugomvi mwingi. Wasio Waislamu nao wanaweza kuichukua hekima hii bila shida yoyote.

Zawadi yenye masharti mabaya pia imewahi kutolewa. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa fedha za mjane akimkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan. Waafrika hawakuruhusiwa kuingia, na hali hiyo ilidumu miongo kadhaa. Jengo lilikuwa zawadi kwa mji uliojaa watu ambao zawadi haikuwahusu, na vitabu vilichaguliwa vivyo hivyo. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waanzilishi wa shirika la Book Bunk, wamekuwa wakiifufua maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na sehemu ya kazi yao ni kujaza mapengo ya vitabu vya Waafrika wenyewe. Ukarabati wa paa huonekana haraka. Ukarabati wa rafu ni kazi ya miaka.

Ni vitabu gani basi vya kuombwa majumbani? Kwanza vile ambavyo hakuna aliyedhani ni vitabu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Vijitabu hivyo viliingia karibu kila kijiji, na leo kukipata kimoja kilicho kamili ni bahati. Vivyo hivyo magazeti ya vijijini ya kampeni ya kisomo, mfano Elimu Haina Mwisho la kanda ya Ziwa. Yamo katika masanduku ya bati chini ya vitanda, yamefungia hati za shamba. Kuna vitabu vya misheni za Ndanda, Peramiho na Tabora. Sarufi na kamusi za lugha za makabila. Historia za parokia na misikiti. Programu za maziko ya watu mashuhuri wenye wasifu wao. Katiba za vyama vya ushirika. Riwaya za Tanzania Publishing House na East African Publishing House zilizopotelewa na majalada.

Fedha zikichangwa, zinunue vitabu vipya vya wachapishaji wa hapa. Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, imewarudisha sokoni waandishi wa zamani akiwamo Shaaban Robert. Mwaka huohuo ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao umekuwa ukinunua kwa mchapishaji nakala za vitabu vya Kiswahili na kuzigawa shuleni. Shilingi ya mchango hapo hufanya kazi mara mbili, kwa msomaji na kwa mwandishi.

Yapo mambo ya kazi yenyewe, na haya hayana mkato. Kila kitabu kiandikwe katika daftari la usajili: namba, tarehe, jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, aliyetoa, na yeye alikipata wapi. Hilo la mwisho ndilo hurukwa, nalo lina thamani kubwa, maana kamusi iliyomilikiwa na katekista wa kwanza wa kijiji ni habari ya kijiji. Mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, huweka fasihi ya Kiswahili katika 896.392, historia ya Tanzania katika 967.8, ya Kenya 967.62 na ya Uganda 967.61. Maktaba ya vitabu vya eneo ikiufuata mfumo huo peke yake, nusu ya rafu itakuwa na namba moja. Ni afadhali rafu zipangwe kwa tarafa, lugha na shughuli za watu, na namba ya Dewey iandikwe daftarini tu, ili siku maktaba ikiunganishwa na ile ya mkoa pasiwe na kuanza upya.

Mwambao una unyevu, bara kuna mchwa. Rafu ziwe za chuma, zisiguse ukuta wala sakafu. Kitabu kinachoingia kisiwekwe karibu na vingine kabla ya kukaguliwa. Kikiwa na wadudu, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kikae wiki nzima ndani ya friza yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na mfuko usifunguliwe mpaka kitabu kimerudia joto la chumbani, la sivyo karatasi italowa umande. Vitabu adimu visomewe hapohapo. Vya kawaida viazimwe. Vikirudi vimechakaa, hiyo ni dalili njema.

Na kuna vitabu ambavyo haviwezi kuombwa kwa sababu havijaandikwa. Shirika la Friends of African Village Libraries, lililoanza mwaka 2001 na kufanya kazi sana Burkina Faso, lilitengeneza vijitabu vya picha zilizopigwa vijijini, vikaeleza maisha ya pale pale. Afrika Mashariki ina malighafi zaidi ya hiyo: tenzi zilizomo katika madaftari ya shule, historia za koo zilizopigwa taipu na walimu wastaafu, mapishi, majina ya mitego ya samaki. Maktaba ya eneo izipokee kazi hizo pia, izitengenezee nakala, ya asili irudi kwa mwenyewe akitaka. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo ruhusa iandikwe papo hapo, kwenye hati ileile ya kukabidhi: nani aruhusiwe kusoma, nani kunakili, na nani katika familia aulizwe mtu akija kutaka kuichapisha.