Kaimu Apewe Muda na Madaraka: Uongozi wa Mpito katika Kitivo cha Elimu

Nafasi ya mkuu wa kitivo cha elimu ikibaki wazi, vyuo vyetu hukimbilia kuuliza nani akaimu. Mada hii inashikilia kwamba mambo mawili yaamuliwe kabla ya jina: atakaimu mpaka lini, na ana mamlaka gani. Hapa Lushoto suala hili ni zito. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, kilichoanza Magamba mwaka 2007 chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kilijijengea jina kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Mwalimu wa aina hiyo haivi kwa mihadhara pekee. Anahitaji nukta nundu, lugha ya alama na mazoezi ya kufundisha katika shule kama ile ya wasioona ya Irente. Vituo vya mazoezi, wasimamizi na matokeo ya mitihani vyote vinahitaji kiongozi wa kuamua. Kaimu asiyejua mipaka yake huahirisha, na gharama ya kuahirisha humwangukia mwanafunzi.

Serikali imekwisha kuiona hatari hiyo. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaweka ukomo wa miezi 6 kwa anayekaimu nafasi iliyo wazi. Hata sifa za mtu haziondoi haja ya ukomo. Profesa Ibrahim Juma aliteuliwa Kaimu Jaji Mkuu Januari 2017 na kuthibitishwa Septemba mwaka huohuo. Katika kipindi hicho mjadala haukuhusu elimu yake, bali uhuru wa mhimili wa Mahakama unaoongozwa na mtu asiyethibitishwa. Mkuu wa kitivo anayesubiri hisani ya aliyemteua naye hupata shida kutetea bajeti ya mazoezi au kukataa shinikizo katika udahili.

Watasema chuo cha dini au cha binafsi hakifungwi na kanuni za watumishi wa umma. Ni kweli, lakini sababu iliyozaa ukomo huo haibadiliki kwa kubadilika mmiliki. Watasema pia kwamba wenye shahada ya uzamivu katika elimu maalumu ni wachache, na kumpata anayekubali kuhamia milimani huchukua muda. Hoja hii ina nguvu. Jibu lake ni kuongeza muda mara moja, kwa maandishi na kwa sababu zilizotajwa, si kuuacha wazi. Wengine wanahofu kaimu mwenye madaraka atamfunga mrithi wake. Basi azuiwe kufuta programu na kuajiri wa kudumu, lakini mitihani, mazoezi na nidhamu aviamue kikamilifu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kaimu apewe jembe siku ya kwanza. Barua yake ya uteuzi itaje tarehe ya mwisho, orodha ya madaraka na siku ya kutangazwa kwa nafasi yenyewe. Chuo kisichoweza kuandika mambo hayo matatu bado hakijawa tayari kuteua.