Na Dobi Je?

Tangazo la wiki hii mmelisikia: mafunzo ya 5S na Kaizen yanarudi hospitalini. Hatuna ugomvi na mafunzo. Swali letu ni moja: na dobi je?

Njia hii ya kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi hatua kwa hatua si ngeni kwetu. Ilikomaa viwandani Japani, hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo ikaonyesha kuwa hata wodi inaifaa, na mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikaanza kuijaribu kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Tukayatafsiri vizuri kabisa maneno yake matano ya S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Vibao vikabandikwa. Linalotushinda ni hilo la tano, na linatushinda kule nyuma ya majengo ambako wageni hawapelekwi: stoo, jikoni, chumba cha kufulia.

Mgonjwa kafunga tangu usiku akisubiri upasuaji. Daktari yupo. Dawa ya usingizi ipo. Mashuka na magauni ya upasuaji hayajakauka. Anarudishwa wodini, aje kesho. Je, dobi alialikwa semina? Hakualikwa. Mtunza stoo, anayejua ni boksi lipi limefukiwa chini hadi dawa zake zikaharibika? Hakualikwa. Walikwenda wakuu wa idara, wakarudi na vyeti.

Wajapani wanalo neno muda, na kwao maana yake ni upotevu. Kwetu muda ni zile saa ambazo mama amekaa kwenye benchi huku faili lake likitafutwa masijala. Anayejua faili linapotelea wapi ni karani wa masijala. Naye hakualikwa.

Katika kiwanda cha Toyota, fundi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba, na isiporekebishwa mara moja, kazi yote husimama. Hiyo ndiyo roho ya njia hii, wala si rangi za vibao. Dobi wetu amepewa kamba gani? Mashine ikifa, anamwambia nani, na nani anamsikiliza?

Waganga wafawidhi, kesho kabla ya kikao cha asubuhi, nendeni chumba cha kufulia. Msimwite dobi ofisini, nendeni ninyi! Muulizeni kinachomkwamisha, andikeni, rudini wiki ijayo mkamwonyeshe mlichofanya. Mwingizeni kwenye timu ya kuboresha kazi. Mwingizeni na karani, mwingizeni na mpishi. Na semina ikiitishwa, jina la kwanza kwenye orodha liwe la dobi!