Tukasome na Miamba ya Kolo

(Maongezi ya afisa elimu ya watu wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, wilayani Kondoa)



Leo hatukuleta kitabu cha kwanza wala cha pili. Vile mmekwisha kuvimaliza. Tumekuja kuzungumza juu ya darasa jipya ambalo wengine wenu wameshaanza kulicheka. Ni darasa la historia, mazingira na sanaa.

Tunajua watu wanavyosema. Mzee mmoja alitusimamisha njiani akatuuliza, "Mwalimu, kusoma habari za mbolea nimekubali. Hesabu za mazao nimekubali. Sasa hiyo sanaa itatia nini chunguni?" Swali lake ni la haki. Siku ile hatukumjibu vizuri, maana basi lilikuwa linaondoka. Tutamjibu leo.

Kwanza, jambo hili si geni. Wazee mliopo mnakumbuka kampeni za redio. Mwaka 1971, Tanzania Bara ilipotimiza miaka 10 ya Uhuru, watu walikaa vikundi vikundi wakasoma historia ya nchi yao. Kampeni ile iliitwa Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya, watu wakachimba vyoo. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Watu wazima walisoma historia na mazingira, wala hakuna aliyesema ni mambo ya watoto.

Sasa twende Kolo. Wengi wenu mnapita barabara ya kwenda Babati bila kugeuza shingo. Lakini kwenye vilima vile kuna miamba yenye picha. Inakisiwa kuwa mapango yenye picha ni kati ya 150 na 450, na mengine bado hayajaandikwa popote. Mwaka 2006 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliyaingiza katika Urithi wa Dunia. Kabla ya hapo, mwaka 1951, mama mmoja mtaalamu, Mary Leakey, alikaa huku akizinakili picha hizo kwa mkono, moja moja.

Picha nyekundu ndizo za zamani zaidi. Kuna twiga, kuna tembo, kuna pofu. Kuna na watu warefu wembamba, vichwa vyao vimepambwa kwa namna ya ajabu. Inadhaniwa walizichora watu walioishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Picha nyeupe ni za wakulima waliofika baadaye. Ndugu zetu Wasandawe, ambao si wageni kwenu, waliendelea kuchora kwenye miamba mpaka karne ya 20. Na baadhi ya mapango hayo wazee bado wanayatumia kwa kuomba mvua. Hiyo ni historia inayoishi, haijafungiwa ndani ya kitabu.

Tuliwahi kufundisha jambo hili kwa kamba. Tulichukua kamba ya katani, tukasema kila shubiri moja ni miaka 10. Kutoka leo mpaka Uhuru, mwaka 1961, zilikuwa shubiri chache tu, zilienea juu ya meza. Kisha tukaihesabu miaka 2,000, maana watu wamechora hapa kwa muda usiopungua huo. Zikawa shubiri 200. Kamba ikatoka mlangoni, ikavuka uwanja, ikafika kwenye mwembe. Bibi mmoja akaifuata kamba mpaka mwisho, akasimama pale chini ya mwembe, akatupigia kelele, "Kumbe huku kote kulikuwa na watu!" Naam, kulikuwa na watu.

Hapa lazima tuseme kosa letu wenyewe. Tulipokuwa wanachuo wa ualimu tulikwenda kuona michoro, ila sio ya Kolo, ni mahali pengine. Picha zilikuwa zimefifia. Basi tukachukua maji ya chupa tukamwagia ukuta ili rangi ing'ae, tupige picha nzuri. Iling'aa kweli. Tukacheka, tukaondoka. Baadaye ndipo tulipofundishwa kwamba maji yakikauka huacha chumvi za mwamba juu ya rangi, na kila ukimwagia tena utando mweupe unazidi, hata picha isionekane kabisa. Mchoraji alikaa kazini, rangi yake ikavumilia miaka maelfu, na sisi wasomi tukaiharibu kwa dakika mbili. Tulikuwa na vyeti mfukoni.

Wako na wanaochimba chini ya miamba wakitafuta mali ya Wajerumani. Wengine huandika majina yao juu ya twiga. Huyo kisomo kimemsaidia nini?

Tukiteremka kutoka kwenye miamba tunakutana na makorongo. Haya ni somo la mazingira, na ni somo kali. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa kufukuza mbung'o, miinuko ikalimwa, mifugo ikaongezeka, udongo ukashuka na mvua. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Miti ikarudi, nyasi zikarudi. Baadaye wakaruhusiwa ng'ombe wachache wa maziwa wa kulishwa bandani.

Tunavyoona sisi, ardhi ilipona, lakini aliyeondoka na ng'ombe wake aliumia pia. Wataalamu wameandika sana juu ya udongo. Mwenye ng'ombe hajaandika. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka ule sasa amepita miaka 60. Akifa, nani atatuambia alikwenda wapi, na nyumbani walikunywa nini badala ya maziwa? Mzee wetu wa njiani, hili ndilo jibu letu. Kuna mambo yaliyokwisha kutoka chunguni mwako, na wewe ndiye unayeweza kuandika yalitokaje.

Kwa hiyo darasa litakuwa hivi. Tutakutana Alhamisi jioni, baada ya kazi. Kila mmoja aje na daftari, na ajaribu kuja na mtu mmoja anayekumbuka mwaka 1979. Tutamsikiliza, tutaandika, tutamsomea alichosema ili asahihishe. Siku za sanaa leteni udongo mwekundu, mkaa na majivu. Mama wafinyanzi msiseme hamjui kuchora. Zile alama mnazotia shingoni mwa chungu, mnaziitaje? Tutaanzia hapo.

Safari ya Kolo itakuwa kabla ya mvua. Tutapitia kwanza ofisi ya wanaosimamia michoro, tupate ruhusa na kiongozi. Maji ya kunywa tutayaacha chini, kwenye kivuli, pamoja na mkaa wetu.

Majina yanaandikwa kwa mwenyekiti wa kisomo. Mpaka asubuhi hii yalikuwa 9.