KUDUMU KATIKA MAZOEA MEMA WAKATI WA DHIKI

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya wazazi na walezi wa wanafunzi wa madrasa)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Kiyama. Ama baad.



Dhiki tunazijua: maradhi, msiba, kukosa kazi, deni. Lakini kila dhiki huja na madhara ya pili ambayo wengi hatuyatazami, nayo ni kuvunjika kwa utaratibu wa nyumba. Mtu anauguza, akaacha kisomo chake cha kila siku. Kisha sala ya Alfajiri ikaanza kucheleweshwa. Kisha mtoto akazuiwa nyumbani asiende madrasa. Mgonjwa akapona baada ya mwezi, na mwaka ukapita nyumba haijarudi katika mwendo wake. Je, tufanye nini?

Jambo la kwanza ni kupunguza bila kuacha. Tazameni sharia yetu ilivyo. Msafiri hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili. Asiyepata maji hutayamamu. Mgonjwa asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Hata vitani, katika Suratin-Nisaa aya ya 102, Allah (s.w.) anaelekeza kundi moja liswali na jingine lilinde, kisha wabadilishane. Adui yuko mbele, na bado sala haikuondolewa, ilipangwa upya. Basi aliyekuwa akisoma juzuu moja kwa siku, wakati wa dhiki asome ukurasa mmoja, lakini wakati ule ule na mahali pale pale. Mama wa waumini Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, ijapokuwa ni chache.

Jambo la pili ni kulipa kilichopita. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.), usingizi au maumivu yakimzuia kisimamo cha usiku, aliswali rakaa kumi na mbili mchana. Na imepokewa kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba aliyelala akapitwa na hizbu yake, kisha akaisoma baina ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kana kwamba aliisoma usiku. Kupitwa siku moja si kuvunja zoea. Linalovunja zoea ni kusema, "Kwa kuwa jana limenipita, basi tena."

Jambo la tatu ni kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara aya ya 282, inahusu kuandika deni. Mwenye dhiki hukopa dukani leo na kwa jirani kesho, akitegemea kichwa chake, na kichwa chenye huzuni husahau. Mwisho wake ni ugomvi baina ya Waislamu wawili, na kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye mkweli. Daftari dogo lenye jina, kiasi na tarehe linatosha kuepusha hayo.

Ndugu zangu, wametutangulia waliotuonesha kwamba haya yanawezekana. Imamu Shamsul-A'imma as-Sarakhsi, mwanachuoni wa Kihanafi wa karne ya tano Hijria, alifungwa kwa miaka mingi huko Uzgand, mji ulioko leo Kirigizistani, kwa sababu ya neno la nasaha alilomwambia mtawala. Aliwekwa shimoni, hana vitabu vyake. Wanafunzi wake walikaa juu ya shimo, naye akiwasomesha kutoka kifuani mwake, darasa baada ya darasa, nao wakiandika. Kazi hiyo ndiyo al-Mabsut, kitabu kilichochapishwa katika mijalada 30. Hakungoja afunguliwe ndipo asomeshe.

Atasema msemaji: "Sheikh, tumbo likiwa tupu juzuu haisomeki." Ni kweli, wala hatuwaambii mwache kutafuta riziki, kwani kutafuta chumo la halali ni ibada. Lakini ukurasa mmoja hauchukui muda wa kumzuia mtu na kibarua chake, na moyo uliotulia hutafuta vizuri zaidi kuliko moyo uliotawanyika.

Tena ipo bishara. Amepokea Abu Musa (r.a.), katika Sahihi al-Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkaazi. Zingatieni: aliyokuwa akiyatenda. Anayejenga mazoea wakati wa faraja amejiwekea akiba ya siku ya shida.

Nimalizie kwa watoto wetu. Mtume (s.a.w.) ameifananisha Qur'ani iliyohifadhiwa na ngamia aliyefungwa: asipoangaliwa huponyoka. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofungisha madrasa katika nchi nyingi, sisi walimu tuliliona hilo kwa macho yetu. Mtoto aliyesikilizwa na mzazi wake walau nusu ukurasa kila siku alirudi na hifdhi yake. Aliyeachwa, tulianza naye upya.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Kila nyumba ichague leo amali moja ndogo, iifunge na sala moja isiyobadilika, baada ya Magharibi kwa mfano, na ishikamane nayo katika kheri na shari. Na mzazi aliyeshindwa kulipa ada ya madrasa asimzuie mtoto nyumbani kwa haya. Amlete, kisha aje tuzungumze. Ada hungoja, hifdhi ya mtoto haingoji.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuondolee dhiki zetu na atuthibitishe katika utiifu wake. Aamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.