Picha Sita za Mama Mmoja

Asubuhi ya leo nataka kuungama kosa langu mbele yenu.

Karibu na Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapokutana, yuko mama mmoja wa kanisa letu mwenye kisukari. Amenipa ruhusa niseme habari zake. Alikuwa mnene, kisha akaanza kukonda. Nanyi mwajua: kwetu, tangu ukimwi ulipoingia, mtu akikonda watu hunong'ona. Walinong'ona sokoni, wakanong'ona hata kanisani, nami sikuwakemea. Nilichukua wazee wawili wa kanisa, tukaenda kumwombea kama mtu aliye karibu kufa.

Akatupa chai, akavumilia maombi yetu mpaka mwisho. Kisha akaleta simu yake. "Kasisi, tazama." Zilikuwa picha sita, moja kwa kila mwezi. Amesimama mlangoni pale pale, saa ile ile, na gauni lile lile. Katika ya kwanza gauni limembana. Katika ya sita ni kama la kuazima.

Alieleza kwamba daktari alimwandikia semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki, ambayo Marekani iliikubali mwaka 2017 kwa wagonjwa wa kisukari. Hupunguza hamu ya kula, na chakula hukawia tumboni. Majuma ya kwanza alichafukwa na moyo. Mizani ikikwama, picha humtia nguvu. Lakini picha haionyeshi sukari ya damu wala misuli inayopungua, kwa hiyo haachi kwenda kupimwa.

Nikamwuliza, "Mbona hukuwaambia watu?"

Akajibu, "Kasisi, nani aliniuliza?"

Ndugu zangu, jibu hilo lilinichoma. Samweli, nyumbani kwa Yese, alitazama urefu wa Eliabu akadhani amempata mfalme, Mungu akamkosoa. Mimi nilitazama mwili uliokonda nikadhani naona kifo. Na hata kama ungekuwa ukimwi, mama yule alistahili kuulizwa kwa upendo, si kusengenywa.

Wewe unayetumia dawa hizo, usizinunue bila daktari, wala usiziache bila kumwambia, maana wengi wakiacha uzito hurudi. Nawe unayemwona jirani amebadilika, nenda leo ukamjulie hali.

Bwana atufundishe kuuliza kabla ya kuhukumu. Amina.