Mtoto Apimaye Neno



Sote twaijua kazi ya dhahabu katika nchi hii ya Geita. Mchimbaji hauiti mchanga wote dhahabu. Huusaga, huuosha, hutazama kilichobaki. Twataka watoto wetu wayatende maneno vivyo hivyo: wasikie, waulize, wapime, ndipo wakubali. Asiyejua kupima neno hudanganywa upesi na amwambiaye aache shule aende mashimoni.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika "Elimu ya Kujitegemea", alitaka shule zikuze akili ya kudadisi. Lakini shule peke yake haiwezi. Jirani zetu wa Shinyanga, katika mpango wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014 kwa msaada wa Uingereza, waliunda Ushirikiano wa Wazazi na Walimu katika shule za msingi. Na watoto waliozoea Kisukuma nyumbani walitayarishwa kwa hadithi na michezo kabla ya darasa la kwanza, wakiongozwa na watu wa vijiji vyao.

Basi ushirikiano si tofali na bati tu. Mwalimu akimzoeza mtoto kusema "Kwa nini?", na nyumbani akaambiwa "Nyamaza!", kazi ya mchana hubomolewa jioni. Kwa hiyo twawasihi: wazazi, njoni darasani mwone watoto wafundishwavyo, waalimu, mtoto akikosa jibu msimpige, mwulizeni alifikaje hapo. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu.