Sotoka ya Mbuzi na Kondoo: Toa Habari Mapema, Usikimbilie Sokoni

(Hotuba kwa wafugaji siku ya soko la mifugo)



Leo tunazungumza kuhusu sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo wengi wenu mnaiita PPR. Ugonjwa huu huletwa na virusi. Hapa Kenya uliripotiwa Turkana mwaka wa 2006, kisha ukaenea katika kaunti nyingine za wafugaji. Haumwambukizi binadamu, lakini ukiingia katika kundi ambalo halijachanjwa unaweza kulimaliza. Hiyo ni karo ya shule na maziwa ya watoto.

Utautambuaje? Mnyama hushikwa na homa kali na kuacha kula. Macho na pua hutoa majimaji, kisha usaha unaoganda na kuziba pua. Mdomoni hutokea vidonda vyenye harufu mbaya. Halafu huharisha na kukohoa, na wenye mimba huiharibu. Usiuchanganye na homa ya mapafu ya mbuzi: hiyo kwa kawaida haishiki kondoo, wala haileti vidonda mdomoni na kuharisha.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Antibiotiki husaidia tu dhidi ya bakteria wanaofuatia. Kinga ni chanjo, na dozi moja hukinga kwa miaka 3 au zaidi. Lazima ikae kwenye baridi hadi idungwe, kwa hivyo siku ya chanjo leteni mifugo asubuhi na mapema.

Sasa neno gumu. Mbuzi wakianza kuugua, wengine huwakimbiza sokoni kabla karantini haijatangazwa. Tunaelewa, soko likifungwa mfuko hukauka. Lakini mbuzi mmoja mgonjwa akiuzwa leo hupeleka ugonjwa katika boma la jirani na la mnunuzi, na soko litafungwa kwa muda mrefu zaidi. Tena sheria inamtaka mwenye mifugo kutoa habari.

Kwa hivyo, ukiona dalili:

- Watenge wagonjwa, na usihamishe wala kuuza mnyama yeyote.
- Mjulishe afisa wa mifugo wa wadi au chifu siku hiyo hiyo.
- Zika mizoga kwenye shimo refu.
- Mnyama uliyemnunua mweke peke yake kwa wiki 3.

Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka wa 2011, kwa chanjo na kwa wafugaji waliosema mapema. Hii nayo imewekewa lengo la mwaka wa 2030. Tuanze na boma lako.